Gesi ya AC Haiishi, Inavuja

Kila joto linapopanda Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, mafundi wa AC za magari hupata msimu wao. Anaingia mwenye Noah, anafuata mwenye Corolla, nyuma yake Mark II iliyokwisha kuliwa na chumvi ya baharini. Malalamiko yao ni mamoja: AC inapuliza, lakini upepo ni wa kawaida. Na katika gereji nyingi jibu nalo ni moja: "Bosi, gesi imeisha. Tujaze." Mtungi unaletwa, hosi mbili zinafungwa, ubaridi unarudi, pesa inatolewa. Wiki sita baadaye mwenye gari yuko palepale, amelowa jasho, na jibu halijabadilika.

Jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi ni kwamba gesi ya AC si petroli. Haichomwi wala hailiwi na injini. Ile iliyotiwa kiwandani huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, inarudi ilikotoka na kuzunguka tena, mwaka hadi mwaka. Ikipungua, imetoka, na kama imetoka, pana mahali ilipopitia. Anayejaza bila kupatafuta mahali hapo amekuuzia ubaridi wa mkopo.

Ni kweli kwamba hakuna mfumo usiopoteza chochote. Hosi na mipira ya viungo hupitisha gesi kidogo sana hata gari likiwa jipya. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2006, uliweka kiwango: gari lenye evaporeta moja lisivujishe zaidi ya gramu 40 kwa mwaka, na lenye evaporeta mbili lisizidi gramu 60. Gari dogo hubeba gramu 400 hadi 700 hivi. Kwa kasi hiyo, miaka kadhaa ingepita kabla hujahisi tofauti yoyote. Gari linalodai gesi kila baada ya miezi miwili halina uvujaji wa uzee tu, lina tundu.

Ubaridi unatoka wapi

Ukitaka kumwelewa fundi, au kumgundua asiyejua, inabidi ujue gesi inafanya safari gani. Kazi yote inategemea tabia moja: kitu cha majimaji kikigeuka kuwa mvuke huchukua joto la kilicho karibu nacho. Spiriti anayokupaka muuguzi kabla ya sindano huhisiwa kuwa ya baridi kwa sababu hiyohiyo. Gesi inayotumika katika magari mengi yanayotembea barabarani kwetu, R134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ukiipunguzia presha ghafla inachemka palepale, na joto la kuchemkia inalitoa ndani ya gari lako.

Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, inaibana gesi na kuisukuma ikiwa na presha na joto kali. Inaingia kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, ambako feni na upepo wa barabarani huipoza hadi inakuwa maji. Kutoka hapo inapita kwenye draya, chupa ndogo yenye chembechembe za kufyonza unyevu, kisha inakwenda kwenye valvu nyembamba inayoiachia kidogo kidogo ndani ya evaporeta, chini ya dashibodi. Hapo inachemka, evaporeta inakuwa ya baridi, feni ya ndani inapitisha hewa juu yake, na wewe unapata nafuu kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Mvuke unarudi kwenye kompresa, na mzunguko unaanza upya.

Vituo hivyo vyote vinaunganishwa na mabomba ya alminiamu na hosi za mpira. Siku ya jua kali, AC ikiwa inafanya kazi, upande wa presha kubwa husoma psi 200 hadi 250. Upande wa presha ndogo husoma kama psi 30 hadi 45. Hata gari likiwa limezimwa kivulini, kwenye nyuzi 30 za joto, mfumo wenye gesi ya kutosha una karibu psi 100 kila upande. Tairi la gari dogo lina thuluthi moja hivi ya hiyo. Kwa maneno mengine, bomba la AC halipumziki hata ukiwa umelala.

Umri unapiga wapi

Magari yanayofika kwetu kutoka Japani huwa yameshatumika. Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka minane. Tanzania huyapokea ya zamani zaidi kwa kuyatoza ushuru wa uchakavu. Likishaingia, gari halitoki tena. Litapita mkono hadi mkono, kutoka Dar hadi Tabora, miaka 20 na zaidi. Chuma cha injini kinavumilia maisha hayo. Mpira na alminiamu havivumilii sana.

Cha kwanza kuchoka ni oringi, ile mipira midogo ya duara inayokaa kwenye kila kiungo. Joto la injini huikausha, ikawa migumu na bapa, na kiungo kikaanza kupumua. Kinachofuata ni sehemu ambapo hosi ya mpira inabanwa kwenye mdomo wa alminiamu, hasa karibu na kompresa, kwa sababu injini hutikisika na bodi haitikisiki kwa namna ileile, na hosi ndiyo inayopokea mvutano wote. Kuna visindano vya valvu za kujazia gesi, vinavyofanana na vya tairi, ambavyo huachia polepole kikofia kikipotea. Kondensa hupigwa mawe ya barabarani. Na sili ya shafti ya kompresa hukauka kwa watu wanaokaa miezi bila kuwasha AC ili kuokoa mafuta. Oili ya kulainisha sili hiyo husafiri pamoja na gesi. Gesi isipozunguka, oili nayo haizunguki. Kwa wakazi wa Njombe au Arusha wasiohitaji baridi ya ziada, kuwasha AC dakika kumi kila wiki ni bima ya bei rahisi.

Halafu kuna mabomba marefu. Magari yenye AC ya nyuma, kama Noah, Hiace na baadhi ya Prado za viti saba, huwa na mabomba mawili yanayopita chini ya sakafu hadi mkiani. Huko chini hakuna anayeyaona. Yanapigwa na matope, kokoto na maji ya mvua yaliyosimama. Kwa gari la Kigamboni, Tanga au Mombasa, ongeza chumvi inayobebwa na upepo wa bahari. Kwa gari lililotumika kaskazini mwa Japani, ongeza chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Alminiamu ikikutana na klipu ya chuma, katikati yao pakawa na maji ya chumvi, alminiamu ndiyo huliwa. Hutoa unga mweupe, inakonda, na siku moja presha inashinda.

Chini ya Noah

Katika gereji moja ya Ilala, chini ya mwarobaini, nilimkuta mama mmoja wa makamo amesimama kando ya Noah yake, funguo mkononi. Fundi, kijana wa miaka 30 na kitu, alimsalimu shikamoo kabla hajafungua boneti. Mama hakutaka hadithi ndefu.

"Mwanangu, mimi nataka ubaridi tu. Krismasi nimejaza, juzi nimejaza tena. Nijazie nikafuate watoto shule."

"Mama, nikijaza leo tutaonana tena Pasaka. Nipe nafasi nilale chini ya gari kwanza."

Alichokuwa anatafuta kilikuwa mafuta. Kwa kuwa oili ya kompresa huchukuliwa na gesi, popote gesi inapotokea oili hutoka nayo, na popote oili inapobaki vumbi hunasa. Fundi alianza mbele, akapitisha tochi na kitambaa cheupe kwenye kila kiungo: kompresa kavu, kondensa ina meno yaliyolala lakini kavu, viungo vya ukutani mwa injini vikavu. Akaingia chini. Alifuata mabomba ya nyuma kwa kidole, klipu baada ya klipu. Kwenye klipu ya tatu akasimama. Mpira uliotakiwa kulitenga bomba na chuma ulikuwa umekwisha kuoza na kuanguka, na klipu ilikuwa inasugua alminiamu tupu kila gari lilipotikisika. Pembeni kulikuwa na unga mweupe, na chini yake doa jeusi la matope ya mafuta, la ukubwa wa sarafu.

Hakuridhika na doa. Kwa mashine yake alivuta gesi kidogo iliyobaki akaihifadhi mtungini, kisha akaingiza naitrojeni kavu hadi geji ikasoma psi 150. Akachovya brashi kwenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kupaka povu bomba zima, si pale kwenye doa pekee. Kwa dakika moja hakukuwa na kitu. Kisha, ubavuni mwa klipu, povu likaanza kuumuka. Vipovu vidogo vilijipanga upande mmoja wa bomba, vikakua na kupasuka, vingine vikachukua nafasi yake. Mama alichutama, akatazama, akasema, "Kumbe hela yangu ilikuwa inatokea hapo."

Njia aliyotumia fundi huyu ni mojawapo tu kati ya kadhaa. Wapo wanaotia rangi maalumu ndani ya mfumo, wanamwacha mteja atembee siku chache, halafu wanamulika kwa taa ya zambarau. Palipovuja panang'aa kijani kibichi. Wapo wenye kifaa cha kielektroniki kinacholia kikinusa gesi. Hicho kinafaa hasa kwa evaporeta, ambayo haionekani bila kushusha dashibodi, kwa sababu unaweza kukiweka kwenye bomba linalotoa maji ya AC chini ya gari. Lakini macho, kitambaa na povu bado vinakamata matundu mengi, na havihitaji umeme.

Tahadhari moja hapa haina mjadala. Naitrojeni isipopatikana, mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji jirani si mbadala. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili hulipuka. Hewa ya kompresa ya matairi nayo haifai: inaingiza unyevu, na ikichanganyika na R134a chini ya presha kubwa inaweza kuwaka.

Kuziba, na kujidanganya

Tundu likishaonekana, unakuja mtihani wa pili: kuliziba kwa namna itakayodumu. Gundi za chuma, zile za mirija miwili inayochanganywa, hushika vizuri kwenye tangi la maji. Kwenye bomba la AC hukutana na oili, mtikisiko, joto linalopanda na kushuka, na presha inayozidi psi 200. Zinaweza kukupa wiki, pengine mwezi. Dawa za kuziba matundu kutoka ndani, zinazouzwa katika vikopo, ni mbaya zaidi, kwa sababu hazijui tundu gani ni la ugonjwa na lipi ni la kazi. Tundu jembamba kuliko yote katika mfumo ni la valvu ya evaporeta, na likizibwa hilo umebadilisha tatizo dogo kuwa kubwa. Dawa hizo zinaweza pia kuharibu mashine ya fundi anayefuata, ndiyo maana baadhi yao huuliza kwanza kama zimewahi kutiwa.

Kama kosa ni oringi, matengenezo ni rahisi na spea yake huenda ndiyo ya bei ndogo kuliko zote katika gari. Masharti ni machache: iwe oringi ya AC, si ya pampu ya maji wala ya bomba la dizeli, kwa maana mpira wa kawaida huvimba au kukakamaa ukikutana na gesi na oili hii, ilingane unene na upana, ipakwe oili ya kompresa, si grisi wala silikoni. Nati ifunguliwe kwa spana mbili, moja ikishikilia bomba, la sivyo bomba la alminiamu litajipinda na utakuwa umetengeneza tundu jipya.

Kama kosa ni hosi, kipande kilichochoka hukatwa na hosi mpya kubanwa kwa mashine kwenye midomo ileile. Hosi yenyewe lazima iwe ya AC, yenye ngozi ya ndani inayozuia gesi. Hosi ya mafuta au ya maji hupitisha R134a kwenye kuta zake hata kama haina tundu. Klipu za hosi ya rejeta, zile za kukaza kwa bisibisi, hazikutengenezwa kwa presha hiyo.

Kama kosa ni bomba la alminiamu, kama la yule mama, kuna njia tatu za heshima. Ya kwanza ni kununua bomba jingine. Jipya ni ghali na kwa gari kuukuu halipatikani kirahisi. Lililotumika hupatikana kwa wauza spea, lakini likague midomo na sehemu za klipu, maana limeishi maisha yaleyale. Ya pili ni kukata kipande kibovu na kuunganisha kipya kwa kuchomelea kwa argoni, kazi ya mtu mwenye mkono mwepesi, kwa sababu alminiamu haionyeshi wekundu kabla ya kuyeyuka: unaiona nzima, mara imedondoka. Ya tatu ni viunganishi vya kubana vilivyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya AC, ambavyo havihitaji moto. Njia ya kuchomeka kipande cha bomba la shaba la friji inaonekana ya kijanja, lakini shaba na alminiamu vikikaa pamoja kwenye unyevu wa pwani, ule ulaji ulioanzisha tatizo unaanza tena, safari hii kwa kasi zaidi.

Fundi wa Ilala alikata, akaosha oili ndani ya vipande vilivyobaki, akamtuma dogo anayemsaidia apeleke bomba kwa mchomeleaji wa jirani. Hakuchomelea likiwa garini, na alikuwa na sababu. Gesi hizi zikipita kwenye moto huvunjika na kutoa asidi kali inayounguza mapafu. R12, gesi iliyotumika kabla ya R134a, huweza kutoa pia fosijeni, sumu iliyotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Bomba liliporudi alilirudisha mahali pake, akakata vipande vya tyubu ya baiskeli na kuvizungushia kila klipu, ikiwemo ambayo haikuwa na tatizo. Hatua hiyo ilimchukua dakika chache, lakini bila hiyo bomba lingesuguliwa tena mahali palepale.

Hewa na maji lazima vitoke

Mfumo ukishafunguliwa umeingiwa na hewa, na hewa ya pwani ni nusu maji. Unyevu ndani ya AC hufanya mambo mawili. Huganda kwenye tundu la valvu, ubaridi ukawa unakuja na kupotea. Na huungana na gesi na oili kutengeneza asidi inayokula kompresa kutoka ndani. Ndiyo sababu draya hubadilishwa kila mfumo unapokaa wazi: chembe zake zikishalewa unyevu hazifyonzi tena. Na ndiyo sababu kuna pampu ya vakyumu.

Vakyumu haiyafyonzi maji kama mrija. Inashusha presha mpaka maji yachemke kwenye joto la kawaida na kutoka yakiwa mvuke. Katika nyuzi 30, maji huchemka presha ikishuka chini ya sehemu moja ya 20 ya ile tunayoivuta puani. Kwa fundi wa Dar au Mombasa, hapo geji inakaribia inchi 29 za zebaki chini ya sifuri. Fundi wa Nairobi au Arusha hawezi kuiona namba hiyo, hata pampu yake ikiwa mpya, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi; kila mita 300 za kupanda hupunguza karibu inchi moja. Geji yake ikisimama kwenye 24 au 25, amefika. Wengi wamezilaumu pampu nzima kwa kutolijua hilo.

Pampu ifanye kazi nusu saa au zaidi. Kisha valvu zifungwe na geji itazamwe. Mshale ukipanda, ama bado kuna maji ama bado kuna tundu. Lakini mshale kutulia si cheti. Vakyumu hulisukuma bomba kutoka nje kwa psi 14.7 tu, ilhali kazini gesi italisukuma kutoka ndani kwa zaidi ya psi 200. Kuna matundu yanayojibana upande mmoja na kufunguka upande wa pili. Naitrojeni na povu vitangulie, vakyumu ifuate.

Gesi ipi, na kiasi gani

Chini ya boneti kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Kwenye magari mengi kuukuu kimebanduka, lakini viunganishi vya kujazia vinasema: vya R12 ni vya kuzungusha kama vya tairi, vya R134a ni vinene na hosi hujifunga kwa kubofya. Magari mengi ya Japani yalihamia R134a kati ya mwaka 1992 na 1994, kwa sababu R12 ilikuwa na klorini iliyokuwa ikila ozoni. Wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974. Mkataba wa Montreal ukatiwa saini Septemba 1987. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010 kuachana na gesi za aina hiyo. Mwenye Land Cruiser ya miaka ya 80 anayetaka AC yake irudi ajue kuwa kuhamia R134a ni zaidi ya kubadilisha mtungi. Oili ya zamani haichanganyiki na gesi mpya, hivyo haitarudi kwenye kompresa. Lazima itolewe, itiwe inayofaa, na oringi na draya zibadilishwe.

Mtungi nao uchunguzwe unatoka wapi. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yametiwa gesi nchini Vietnam yalilipuka na kuua wafanyakazi. Ilibainika kuwa ndani ya kilichoitwa R134a kulikuwa na kloridi ya methili, ambayo ikikaa na alminiamu hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Bei ya kutupwa kwenye mtungi usio na lebo ina maelezo yake. Na fundi akikushauri utie gesi ya kupikia kwa kuwa inapoza vizuri, ni kweli inapoza. Lakini evaporeta iko chini ya dashibodi, na ikivuja, gesi hiyo itaingia walimokaa watoto.

Kiasi hupimwa kwa mzani. Kujaza kwa kushika bomba na kusema "imetosha, ni baridi" kulikuwa na utetezi zamani, enzi za R12 na kioo cha draya kilichoonyesha vipovu. Kwa R134a kioo kisafi hakithibitishi kitu. Gesi ikizidi, presha hupanda, kompresa hubeba mzigo usio wake, na ubaridi hupungua badala ya kuongezeka. Gramu 50 za ziada kwenye gari dogo zinatosha kuonekana kwenye geji. Oili iliyopotea pamoja na gesi irudishwe nayo, aina iliyotajwa na mtengenezaji. Kompresa nyingi hufa kwa ukavu baada ya miaka ya kujaziwa gesi tupu.

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti

R134a haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto sawa na karibu kilo 1,430 za kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana nchi zilizokutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 zilikubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo, na magari mapya ya Ulaya na Japani yamehamia R1234yf. Piga hesabu: gramu 600 zikiachiwa hewani ni sawa na kilo 858 za kaboni dioksidi, yaani moshi wa zaidi ya lita 350 za petroli. Anayejaza mara nne kwa mwaka kwenye mfumo wenye tundu, huenda AC yake inachafua hewa kuliko injini yake.

Hoja hiyo inaweza isimguse mtu aliye kwenye foleni ya saa nane mchana. Ya mfukoni itamgusa. Malipo ya kutafuta tundu, naitrojeni, kuchomelea, draya na vakyumu kwa siku ya kwanza huzidi ya kujaza gesi, ndiyo maana wateja huyakwepa na mafundi huogopa kuyataja. Lakini hulipwa mara moja. Kujaza hulipwa kila msimu, na mwishoni kompresa iliyokufa kwa ukavu hulipwa juu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kukabidhi gari, uliza maswali manne. Utalitafuta tundu kwa kutumia nini: povu na naitrojeni, rangi, au macho tu? Draya utabadilisha? Vakyumu utavuta muda gani? Una mzani? Fundi anayejua kazi hatakasirika; atakujibu huku akiendelea kufungua nati. Anayesema hayo ni mambo ya vitabuni, mshukuru na uwashe gari.

Na fundi mzuri anaweza pia kukuambia usitengeneze. Kama evaporeta imetoboka, kondensa imeoza, kompresa inatoa vumbi la chuma na mabomba yamekonda kila klipu, unazungumzia kubadilisha karibu kila kitu katika gari ambalo thamani yake sokoni huenda ni ndogo kuliko kazi hiyo. Hapo ushauri wa kweli ni kutoa mkanda wa kompresa kama unajitegemea, kuziba midomo ya mabomba uchafu usiingie, na kushusha vioo. Pesa iliyobaki ipeleke kwenye breki.